Matengo ya Ngalawa na Mashua Zinazopaa

Kijana mwenzangu mmoja, tuliyekutana naye katika kikao cha kusomeana miswada mjini Musoma, alinikatiza nikiwa katikati ya sura ya tatu. Nilikuwa nasoma habari za mvuvi anayeota mashua yake imeinuka na kwenda juu ya maji bila kuyagusa. Akasema, "Wewe ni mtu wa Kiabakari, bwana. Andika ng'ombe, andika dhahabu. Mashua zinazopaa waachie wenyewe." Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana ndivyo anavyofanya mtu akiumbuka mbele za watu.

Kwa asiyepajua kwetu, Kiabakari ni mji mdogo wa barabarani, baina ya Bunda na Musoma. Zamani za mkoloni palichimbwa dhahabu, na mgodi ule ulifungwa katika miaka ya 1960. Ziwa hatulioni. Basi kijana yule hakukosea sana kuhusu jiografia. Alichokosea ni kudhani kwamba mtu huandika anachokiona dirishani tu. Mwendo mfupi kutoka kwetu ni Butiama, na mtu wa Butiama, Julius Nyerere, ndiye aliyetafsiri mchezo wa Shakespeare akauita Mabepari wa Venisi, ukachapwa mwaka 1969. Mchezo mzima unaning'inia kwenye habari za merikebu zinazosemekana kuzama. Sijasikia mtu aliyemwambia Mwalimu kwamba Butiama hakuna bahari.

Halafu kuna jambo ambalo sikulisema kikaoni. Mama yangu ni Mjita, wa Majita, kule ambako ukifungua mlango unakuta maji. Babu mzaa mama alikuwa fundi wa mashua. Na mjomba wangu, wa mwisho kuzaliwa, alipotea ziwani mwaka 2009. Upepo wa ghafla uliikuta mashua yao ikiwa na tanga juu, ikalala ubavu, ikapinduka. Wenzake wawili waliokotwa wameshikilia mbao. Yeye hatukumwona tena. Kwa hiyo swali la mashua inayosimama na mashua inayopinduka si la kuotea ndoto kwangu mimi.

Mashua zinazopaa niliziona kwa mara ya kwanza kwenye simu ya mteja, katika kibanda cha kuchajia simu ninakojipatia riziki tangu nimalize kidato cha nne. Vyombo kama kumi hivi vilikuwa vinakimbizana, kila kimoja kina matumbo mawili membamba yaliyounganishwa kwa jukwaa, na matumbo yote mawili yalikuwa hewani. Hewani kabisa! Chini yake kilichogusa maji ni vijibawa vyembamba, kama visu. Nilidhani ni sinema. Nikamwomba yule mteja aniachie simu yake hadi ijae, nami nikaangalia hadi ikajaa.

Mashindano yale yanaitwa SailGP. Waliyaanzisha Larry Ellison, tajiri wa Kimarekani wa kampuni ya kompyuta ya Oracle, na Russell Coutts, baharia wa New Zealand, na mbio za kwanza zilifanyika Sydney mwezi Februari 2019. Kila timu inabeba jina la nchi, na zote zinatumia chombo cha aina moja kiitwacho F50: urefu wa mita 15, upana karibu mita 9, mwili wa nyuzi za kaboni, watu sita ndani. Tanga lake si kitambaa kama tulivyozoea. Ni bawa gumu, kama la ndege, lililosimamishwa wima, na lina saizi kadhaa. Upepo ukiwa mdogo wanaweka refu, upepo ukiwa mkali wanaweka la mita 18. Mwaka 2022 timu ya Ufaransa ilikaribia kilomita 100 kwa saa. Mwaka 2025 timu ya Denmark iliuvuka mpaka huo huko Ujerumani. Basi la Mwanza likikimbia hivyo, trafiki wanalisimamisha.

Jambo la ajabu kuliko mwendo wenyewe ni kwamba chombo kinakwenda kasi kuliko upepo unaokisukuma. Hili lilinikosesha usingizi siku mbili. Nilipomweleza babu, alinitazama kwa huruma. Yeye amefungua matanga tangu utoto, na tanga likipigwa na upepo wa nyuma, mashua haiwezi kuupita upepo, maana ikiupita itasukumwa na nini? Babu ana haki, kwa upepo wa nyuma. Lakini upepo ukitoka ubavuni mambo ni mengine. Panda bodaboda siku ambayo hata jani halitikisiki: shati linapepea. Upepo ule umeuzaa wewe kwa mwendo wako. Chombo chepesi kikianza kwenda kinauongezea upepo wa kweli ule upepo wake chenyewe, na tanga linaukamata wote kwa pamoja. Kadiri maji yanavyokizuia kidogo, ndivyo kinavyozidi kuzaa upepo. Na njia ya kuyafanya maji yasikizuie ni kukitoa majini.

Hapo ndipo vile vijibawa vinapoingia. Bawa la ndege huinuliwa na hewa inayopita juu yake na chini yake. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, kwa hiyo bawa dogo likipita majini linaweza kuinua mzigo mkubwa. Wazo hili ni la zamani kuliko babu. Mtaliano Enrico Forlanini alikiinua chombo chake chenye injini mwaka 1906, katika Ziwa Maggiore. Alexander Graham Bell, huyu huyu wa simu, pamoja na mwenzake Baldwin, walitengeneza HD-4, ambayo mwezi Septemba 1919 ilikimbia zaidi ya kilomita 110 kwa saa katika maji ya Bras d'Or kule Kanada. Mnaona? Wote wawili walianzia ziwani. Nimeliweka hilo makusudi kwa ajili ya yule ndugu wa kikaoni.

Matumbo mawili nayo yana historia yake. Neno katamarani, ambalo wazungu wanalitumia kwa vyombo vya namna hii, limetoka kwa Watamili wa kusini mwa India: kattu ni kufunga, maram ni mti. Miti iliyofungwa pamoja, basi. Watu wa visiwa vya Pasifiki walivuka bahari kubwa kuliko zote kwa mitumbwi pacha, karne nyingi kabla mzungu hajafika kwao. Mwaka 1876 Mmarekani Nathanael Herreshoff alileta chombo cha matumbo mawili, Amaryllis, kwenye mashindano ya New York, akawaacha wote nyuma. Walichofanya waliobaki nyuma ni kulalamika, wakakifutia ushindi. Aliyezoea kushinda kwa njia yake haipendi njia nyingine, hata kama mwenye njia hiyo ni ndugu yake wa mji mmoja.

Vitu viwili hivi, matumbo pacha na mabawa ya majini, vilikutana mbele ya dunia nzima katika Kombe la Marekani la mwaka 2013. Waliotunga kanuni hawakukusudia chombo kikubwa kama kile, urefu wa mita 22, kiweze kupaa. Timu ya New Zealand iliona mwanya, na mwaka 2012 wakaonekana wanapaa. Ikabidi wengine nao wajifunze haraka haraka. Tarehe 9 Mei 2013, mazoezini huko San Francisco, chombo cha timu ya Artemis kutoka Sweden kilivunjika kikapinduka. Andrew Simpson, Mwingereza, mwenye medali ya dhahabu ya Olimpiki ya 2008, alinaswa chini yake akafa. Mbio ziliendelea. Mwezi Septemba New Zealand waliongoza kwa pointi 8 kwa 1, na Oracle ya Marekani ikarudi ikashinda 9 kwa 8. Hadithi hiyo ya kurudi ndiyo inayosimuliwa sana. Mimi mawazo yangu yalibaki kwa Simpson. Baharia bora, vyombo vya mamilioni ya dola, watu wa uokoaji pembeni, na bado maji yalimfanyia vile vile yalivyomfanyia mvuvi wa Majita. Tofauti ni kwamba baada ya kifo chake wakabadili taratibu: helmeti, mavazi ya kujikinga, vichupa vya hewa mwilini.

Nilikwenda Majita na ile video. Babu aliitazama mara tatu bila kusema neno. Nilitegemea atauliza bei, au nani anawalipa. Akauliza:

"Ikisimama, inakaaje?"

"Inakaa kwa matumbo yake, babu. Inapaa ikiwa na mwendo tu."

"Basi hiyo ni ngalawa," akasema. "Niliziona Bagamoyo, nilipokuwa kijana. Zile mbao za pembeni hazielei. Zinasubiri mwendo."

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana huu ndio moyo wa habari yangu. Wengi tumeziona ngalawa, walau kwenye picha: mtumbwi mwembamba wa mti mmoja, mara nyingi mwembe, mlingoti mmoja, tanga la pembetatu lililofungwa kwenye foromali, na miti inayokingama kwenda kila upande kubeba matengo. Mtu wa bara akiyatazama matengo anadhani ni maboya. Mimi nilidhani hivyo. Lakini James Hornell, Mwingereza aliyetumia maisha yake kuchunguza vyombo vya maji vya mataifa, aliandika tangu miaka ya 1910 na 1920 juu ya ngalawa za pwani yetu, na yaliyomo yanaafikiana na jicho la babu. Tengo la ngalawa ni ubao mwembamba uliowekwa kwa mshazari. Ngalawa ikiwa imetulia, ubao ule hauna nguvu kubwa ya kuelea. Ngalawa ikikimbia na upepo ukailaza upande mmoja, ubao wa upande huo unaingia majini kwa mshazari wake, na maji yanayopita kwa kasi yanausukuma juu. Ngalawa inainuka tena. Upepo ukizidi, baharia mmoja anatoka nje juu ya miti ya upande wa pili, anakuwa uzito wa kuilalia.

Kuinuliwa na mwendo, wala si kwa kuelea. Hiyo ndiyo kanuni ile ile ya F50. Sisemi kwamba wahandisi wa kaboni walikuja kuiba Bagamoyo. Hawakuhitaji, maji yanafundisha kila anayeyauliza. Nasema tu kwamba mvuvi wa Kunduchi aliyeegemea kanuni hiyo kila alfajiri hakuwahi kualikwa mahali popote kuieleza.

Matengo yenyewe yalitoka mbali. Watu wa visiwa vya Indonesia walivuka Bahari ya Hindi wakakaa Bukini, na lugha ya Wamalagasi hadi leo ina jamaa zake kule Borneo. Chombo chenye matengo kilifuata njia zao, kikapita Komoro, ambako wanakiita galawa, kikaingia pwani yetu. Mwaka 1934 Hornell alikwenda mbali zaidi. Aliandika kwamba hata mitumbwi mikubwa ya Waganda na Wasese, ile iliyoshonwa mbao kwa mbao kwa nyuzi za miti, katika Ziwa Nyanza letu hili, ina alama za Indonesia.

Hapo simfuati. Kushona mbao si siri ya taifa moja. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kinasema mji wa Rhapta katika pwani hii ulipata jina lake kutokana na vyombo vya kushona. Mtepe wa Lamu ulishonwa kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja, hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mtu mwenye mbao, mwenye uzi, asiye na chuma, atafika mwenyewe kwenye kushona. Mama yangu anashona vibuyu vilivyopasuka na hajawahi kufika Borneo. Ninachoona ni kwamba wasomi wa zama zile walipokuta kitu kizuri katikati ya Afrika, kwanza waliuliza kimetoka kwa nani.

Swali langu ni jingine, na ndilo lililonifanya niandike. Kama vyombo na mafundi vilisafiri kiasi hicho, kwa nini matengo hayakuja ziwani?

Tanga lilikuja. Katika miaka ya 1870 palikuwa na mfanyabiashara wa pwani aliyeitwa Songoro, aliyejenga jahazi upande wa Ukerewe, ng'ambo ya Majita hapo. Aliuawa Ukerewe mwezi Desemba 1877 pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill, katika ugomvi wake na mtemi Lukonge. Kwa hiyo ujuzi wa pwani ulifika hadi mlangoni kwetu. Lakini Songoro alikuwa mtu wa pembe na nguo. Alitaka chombo cha mzigo. Ngalawa haina tumbo la mzigo. Ni chombo cha mvuvi maskini, na mvuvi maskini wa Bagamoyo hakufuatana na misafara kama tajiri. Kama alikuja, alikuja na mzigo kichwani na hakuna aliyemuuliza habari za mbao zake za pembeni. Na huku ziwani walikuwa na mitumbwi ya makasia, mirefu, makumi ya wapiga kasia bega kwa bega. Kabaka Mutesa alikuwa na kundi kubwa la mitumbwi hiyo wakati Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875. Ukiweka miti ya kukingama kwenye mtumbwi kama huo umewaziba wapiga kasia. Hawakuyahitaji matengo, kwa kuwa hawakuwa na tanga la kuwalaza.

Kisha miaka ikapita, tanga la pembetatu likaenea kwa wavuvi wa ziwa lote, mashua za mbao na misumari zikashika mahali pa zile za kushona, na hakuna aliyerudi nyuma kuuliza: jamani, kule tanga lilikotoka, wanajizuiaje wasipinduke? Tulichukua tanga tukaacha matengo pwani. Huo ndio uamuzi wangu juu ya historia hii. Naukasirikia kidogo, ingawa najua hakuna wa kumkasirikia.

Babu hakubali moja kwa moja. Anasema mialo yetu ina mawe na magugu, matengo yangevunjika, na dagaa hawavuliwi kwa chombo chembamba. Tumebishana sana.

Wenzetu wa Oman, ambao wengi wao wanazungumza Kiswahili hiki hiki kwa kuwa wao au wazazi wao walizaliwa Unguja au Pemba, walichagua njia nyingine. Mwaka 2008 serikali yao ilianzisha Oman Sail ili kuwarudisha vijana baharini. Timu yao, The Wave, Muscat, ilitwaa ubingwa wa mashindano ya dunia ya katamarani yaliyoitwa Extreme Sailing Series mwaka 2012 na 2013. Mashindano hayo yalipohamia vyombo vya kupaa vya GC32 mwaka 2016, mbio za kwanza zilifanyika Muscat. Ni kweli kwamba aliyeshika usukani miaka ile ya ushindi alikuwa Mwingereza, Leigh McMillan, na wapo waliobeza. Lakini omoni alikuwapo Nasser Al Mashari, mwana wa Oman, na hakuna aliyemwambia aandike tende na ngamia. Fedha ya mafuta inasaidia, sikatai.

Kwetu mambo ni vipande vipande. Wageni wamekuwa wakilipa pesa nyingi kuja kukimbizana kwa ngalawa baina ya Kilwa, Mafia na Unguja, kwanza likiitwa Ngalawa Cup, baadaye Kraken Cup. Baharia wetu ndiye anayewafundisha kushika demani, kisha jina linaloandikwa ni la mgeni. Lamu wanashindana kwa majahazi siku za sikukuu, na hayo ni yao wenyewe. Huku ziwani kulikuwa na mashindano ya mitumbwi ya Balimi, yaliyodhaminiwa na kampuni ya bia, wanaume kwa wanawake wakipiga kasia Mwanza, Musoma, Ukerewe. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa kuyatazama Musoma. Nakumbuka kelele kuliko mitumbwi.

Sura ya tatu sikuifuta. Nimeiandika upya mara mbili, na sasa mvuvi wangu haoti, anachonga. Ili nisidanganye, nilimwomba babu anichongee ngalawa ndogo, urefu wa mkono, yenye ubao mmoja wa mshazari kila upande. Alilalamika kwamba macho hayaoni, kisha akaichonga kwa siku moja. Tuliipeleka ufukweni asubuhi, maji yakiwa kama kioo. Tulipoiweka ililala ubavu, tengo likazama, mtoto wa jirani akacheka. Babu akafunga uzi mbele, akampa yule mtoto, akamwambia akimbie kando ya maji. Alipokimbia, tengo lilitoka majini, ngalawa ikasimama wima, ikaenda hivyo hadi uzi ukamponyoka.

Babu aliingia majini na suruali yake ili aifuate. Aliporudi nayo alisema pembe ya ubao haijakaa sawa, akakaa chini juu ya mawe, akatoa kisu.